Shajara ya mradi: watu 34 na siku moja ya Kew Gardens

Jumamosi, 2 Mei (wiki 8 kabla)

Kazi yenyewe: kuwatoa watu 34 Barking, mashariki ya London, kuwafikisha Kew Gardens, bustani ya mimea iliyo upande wa kusini-magharibi wa jiji, wazunguke, wale, wasali wanaosali, warudi nyumbani jua lingali juu. Watu wazima ni 19, wazee 6 (wawili ni wa viti vya magurudumu), watoto 9. Kati ya watoto, 2 hawajafika miaka minne, 5 wana miaka minne hadi kumi, na 2 wamepita kumi na mmoja. Umri umeandikwa hivi kwa sababu bei ya tiketi, nauli ya treni na mwendo wa miguu vyote vinabadilika kwenye miaka hiyo hiyo.

Bustani ilianza 1759 na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2003. Eneo lake linazidi hekta 120, sawa na viwanja vya mpira kama 170 vikipangwa ubavu kwa ubavu. Takwimu hii ibaki kichwani, maana ndiyo iliyovunja rasimu ya kwanza.

Tarehe imepatikana kwa kuondoa zisizofaa. Maua ya cheri ni ya Aprili. Maua ya buluu ya msituni, kule Queen Charlotte's Cottage, huchanua mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, na tumeshachelewa. Agosti ndiyo ya mayungiyungi makubwa ya Amerika ya Kusini, lakini ni likizo ya shule na foleni zake. Julai kuna matamasha ya jioni yanayogusa saa za kufunga. Mwisho wa Juni kuna waridi, mchana ni mrefu, na majani ya yungiyungi yameshaanza kuwa makubwa. Tumeshika Jumamosi, 27 Juni.

Kuahirisha hadi mwakani kumekataliwa. Ukarabati mkubwa wa Palm House, nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto, umepangwa kuanza 2027, na ukarabati wa majengo haya hauishi kwa mwezi: Palm House yenyewe iliwahi kufungwa 1984 ikafunguliwa 1990, na Temperate House, nyumba nyingine ya vioo, ilifungwa 2013 hadi 2018.

Jumanne, 5 Mei

Rasimu ya kwanza ilikuwa orodha ya vivutio 11, kila kimoja na dakika zake. Imefutwa. Dakika zilihesabiwa ndani ya majengo, hazikuhesabiwa kati ya majengo. Kutoka Palm House hadi Pagoda, mnara wa mtindo wa Kichina, ni njia moja iliyonyooka ya kama mita 850. Ukiwa umesimama mwanzo wake unaiona Pagoda, unadhani ni hapo mbele tu. Mtu mzima mwenye haraka anafika kwa dakika 11 au 12. Kiti cha magurudumu, mtoto wa miaka mitatu na bibi anayesimama kila penye ua wanafika kwa nusu saa, kisha inabaki safari ya kurudi.

Kwa hiyo tumebadilisha mpangilio wa kazi: geti kwanza, saa za kufunga pili, vivutio mwisho. Mageti ya wageni ni manne.

Victoria Gate iko mashariki, karibu na stesheni ya Kew Gardens. Ukiingia, Palm House iko mbele yako. Elizabeth Gate iko kaskazini, kwenye uwanja wa Kew Green, na inafaa kwa anayetoka stesheni ya Kew Bridge. Brentford Gate iko upande wa mto Thames, penye maegesho ya magari ya Ferry Lane, karibu na bustani ya watoto. Lion Gate iko kusini, jirani na Pagoda, upande wa Richmond.

Ukiingia Victoria na kutokea Victoria, bustani inakuwa na mikono miwili: wa kusini (Temperate House, njia ya juu ya miti, Pagoda) na wa kaskazini (Hive, yaani mzinga wa sanaa; nyumba ya vioo ya Princess of Wales Conservatory; mkahawa wa Orangery; Kew Palace). Kundi letu lina uwezo wa mkono mmoja na nusu. Anayetaka yote mawili aje siku mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Usafiri. Laini ya District inatoka Barking hadi Kew Gardens bila kubadilisha treni, kama saa moja na robo. Kosa linalotokea mara nyingi ni kupanda District yoyote ya kwenda magharibi. Laini hii ina matawi: treni za Wimbledon hugeuka baada ya Earl's Court, za Ealing Broadway huachana na zetu baada ya Turnham Green. Yetu lazima iandikwe Richmond mbele na kwenye ubao. Aliyepanda ya Ealing ashuke Turnham Green asubiri ya Richmond jukwaa lile lile. Aliyepanda ya Wimbledon ashuke Earl's Court. Maneno hayo mawili, Turnham Green na Earl's Court, yaandikwe kwenye kadi ya kila mtu, hata wale wanaosema wameijua London tangu zamani.

Nauli: mtu mzima mmoja anaweza kusafiri na watoto hadi wanne walio chini ya miaka 11 bila watoto hao kulipa. Watoto wetu 7 wanahitaji watu wazima 2 tu wa kupita nao, lakini tumewagawa kwa watu wazima 4 ili geti lisizibe. Wale 2 waliopita miaka 11 wawe na kadi zao za Zip, za nauli ya watoto. Stesheni ya Kew Gardens iko mpakani mwa zoni ya 3 na ya 4.

Viti vya magurudumu ndivyo vilivyochukua muda mwingi wa kikao. Treni za Uingereza hupita kushoto. Anayetoka London kwenda Richmond anashushwa jukwaa la mashariki, na bustani iko magharibi ya reli. Njia fupi ya kuvuka ina ngazi. Ufumbuzi: wazee wawili na wasaidizi wao wasishuke Kew Gardens. Waendelee kituo kimoja hadi Richmond, mwisho wa laini, ambako unabadilisha treni bila kupanda ngazi, kisha warudi kituo kimoja. Wakirudi watashushwa jukwaa la magharibi, upande wa bustani. Inaongeza kama dakika 20, kwa hiyo kundi hilo litatangulia kwa treni moja.

Njia za akiba ni mbili, kwa sababu wikendi za London ni za matengenezo ya reli. Ikiwa District imefungwa katikati ya jiji: fika Stratford, panda laini ya Mildmay ya Overground inayokwenda Richmond. Lakini angalia: kuanzia Gunnersbury hadi Richmond, Mildmay na District zinatumia reli moja. Kipande hicho kikifungwa, zote mbili zimekufa. Hapo tunakwenda Waterloo, tunapanda treni ya Kew Bridge, tunavuka daraja kwa miguu. Geti nalo linabadilika, tunaingia Elizabeth, na ratiba nzima inapinduliwa: kaskazini asubuhi, kusini mchana. Kadi ya pili ya ratiba imeandikwa kabisa kwa siku hiyo. Kupindua ratiba ukiwa umesimama Waterloo na watu 34 hakuwezekani.

Gari halikupewa nafasi kubwa. Kew iko nje ya eneo la tozo ya msongamano, lakini London yote iko ndani ya ULEZ, eneo la tozo ya magari yenye moshi mchafu, tangu 29 Agosti 2023, na gari lisilokidhi kiwango cha moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku. Gari moja tu litakwenda, lenye chakula, na litaegesha Ferry Lane.

Jumapili, 17 Mei

Njia imepimwa kwa miguu, na kiti kimoja cha magurudumu kitupu chenye mfuko wa mchele wa kilo 20 ndani yake. Watu watatu, saa moja na nusu.

Stesheni hadi Victoria Gate: dakika 7 na kiti, 5 bila kiti. Njia kuu za bustani zimesakafiwa vizuri. Tatizo ni njia za kokoto na nyasi: magurudumu madogo ya mbele yanazama, na msukumaji anachoka ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo sehemu ya kula isiwe zaidi ya mita 20 kutoka njia ngumu.

Majukwaa ya juu ya Palm House yanafikiwa kwa ngazi za chuma za kuzunguka. Ni nyembamba, zina unyevu, na anayepanda na begi mgongoni anamziba wa nyuma. Begi libaki chini kwa mtu mmoja. Njia ya juu ya miti ina urefu wa mita 18 kutoka ardhini na mzunguko wa mita 200. Ina lifti, lakini ratiba ya wazee isiitegemee; sakafu yake ni ya chuma chenye matundu, unaona chini moja kwa moja. Viatu vya visigino vyembamba vinanasa. Watoto wawili kati ya watano wa umri wa kati watakataa kuendelea katikati ya njia, hilo ni la kutarajia, na mtu mzima wa kurudi nao awe ameshatajwa kabla.

Pagoda: ya 1762, kazi ya William Chambers, ghorofa 10, kama mita 50, vipandio 253, lifti hakuna. Chambers huyo huyo alijenga pia msikiti karibu na hapo, 1761. Ulikuwa pambo la bustani ya kifalme, haukusaliwa, na haupo tena. Tumeutaja kwenye karatasi ya maelezo kwa kuwa wazee hawatakosa kuuliza wakiliona jina hilo, na jibu ni bora liwe tayari: hakuna cha kuona, ni nyasi.

Jumapili, 24 Mei

Tiketi. Mtandaoni ni nafuu kuliko getini. Walio chini ya miaka minne hawalipi. Walio kwenye Universal Credit au Pension Credit, misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huingia kwa pauni 1, na waje na uthibitisho. Picha ya skrini iliyokatwa nusu isitegemewe. Taarifa hii imepelekwa kwa kila mtu peke yake, haikuwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Hali ya mfuko wa mtu si ya kujadiliwa mbele ya watu 33.

Tiketi zote zikiwa kwenye simu moja, geti linasimama simu hiyo inapozima, au mwenye nayo akiwa bado Turnham Green. Tumenunua kwa mafungu manne. Wenye simu wanne, kila mmoja na watu wake 8 au 9 anaowajua kwa sura, na karatasi iliyochapwa kama akiba.

Bustani ya watoto huingiwa kwa zamu, na kila mtoto na mtu mzima wake. Imetengenezwa kwa miaka 2 hadi 12, ilifunguliwa 2019, ina ukubwa wa viwanja 40 vya tenisi. Tumechukua zamu ya kwanza ya asubuhi. Ukiwaahidi watoto kwamba wataenda mchana, asubuhi yote watauliza ni saa ngapi.

Na saa zenyewe. Ujumbe ulioandika "tukutane saa nne" umesomwa na baadhi ya vijana waliozaliwa hapa kuwa saa 16:00. Kuanzia leo kila muda unaandikwa mara mbili: saa 4:00 asubuhi (10:00). Inachosha kuandika, lakini kijana mmoja akikosea, watu 33 watamsubiri.

Jumamosi, 6 Juni

Chakula. Pendekezo la kwanza lilikuwa pilau ndani ya hotipoti. Limejaribiwa: pilau iliyotoka motoni ilijazwa hotipoti ya lita 5 saa 1:00 asubuhi, kipimajoto ndani. Saa nne za mwanzo zilikwenda vizuri. Kufikia saa 7:00 mchana ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 57. Kanuni ya Uingereza ya chakula cha moto ni nyuzi 63 kwenda juu, na kwa wali haina mzaha: mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus* hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huota na kuacha sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki. Pilau imeondolewa. Malalamiko yamepokelewa.

Badala yake: chapati 90 (unga kilo 6, kila kilo inatoa kama 15), sambusa za nyama 100 (nyama ya kusaga kilo 2 na nusu), mayai ya kuchemsha 40, kachumbari, ndizi, machungwa. Sambusa zikaangwe alfajiri, zipoe kwa kutandazwa, ndipo ziingie boksi la baridi chini ya nyuzi 8. Zikifungwa za moto zinatoa jasho na kulainika. Chapati zifungwe kitambaa kwanza, kisha foili; foili peke yake inazifanya zilowe. Kachumbari isitiwe chumvi nyumbani: nyanya, kitunguu na pilipili visafiri mbalimbali, chumvi na ndimu viingie mkekani, la sivyo utafika na supu.

Kula chakula chako bustanini kunaruhusiwa. Mkaa na jiko haviruhusiwi, wala mpira. Mikeka isitandikwe kando ya bwawa la mbele ya Palm House, hata kama ndipo pazuri kwa picha: mabata bukini wa pale wana adabu ndogo, na wanachoacha kwenye nyasi kinashika kwenye mikeka. Mahali petu ni nyasi za magharibi ya Palm House, nyuma ya waridi.

Adhuhuri ya tarehe 27 Juni inaingia kama saa 7:10 mchana (13:10). Kibla kutoka London ni nyuzi 119, yaani mashariki-kusini. Dira ya simu ipimwe mbali na chuma cha Palm House. Ndege za kwenda Heathrow zinapita juu mfululizo, kwa hiyo anayesalisha apaze sauti.

Jumamosi, 13 Juni

Karatasi ya mimea. Hii ilikusudiwa watoto, lakini wazee wameomba nakala zaidi.

Palm House ilijengwa 1844 hadi 1848 na Decimus Burton na Richard Turner, urefu mita 110, juu kabisa mita 19. Ndani ni joto na unyevu wa msitu wa mvua mwaka mzima. Miwani inapata ukungu mlangoni, na lenzi ya kamera pia. Usiifute, utaipaka maji; iache wazi dakika kumi ishike joto la ndani. Makoti yavuliwe nje. Wenye pumu wakae dakika 15, watoke, warudi wakipenda.

Upande wa kusini ni Afrika. Watafute mchikichi, mbuni wa kahawa, na yule mgeni wa Madagaska mwenye maua ya rangi ya waridi, *Catharanthus roseus*, anayepandwa sana kwenye nyua za pwani na ambaye dawa za saratani ya damu ya watoto zimetoka kwake. Sehemu nyingine za nyumba zina mkakao, mpira na migomba. Mtoto aliyezaliwa Barking hajawahi kuona chokoleti ikining'inia kwenye shina la mti. Bibi yake wa Muheza amewahi, basi bibi ndiye mwalimu wa kipande hicho.

Humo humo kuna sikadi, mmea wa kale wenye umbo la mtende, *Encephalartos altensteinii*, iliyoletwa na Francis Masson kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1775 na ambayo bado inaishi ndani ya chungu. Koni yake iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni ya 1819. Ndugu yake yuko Temperate House: *Encephalartos woodii*, aliyeonekana msitu wa Ngoye, KwaZulu, 1895, mmea mmoja tu wa kiume, na jike halijapatikana hadi leo. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya mmea huo. Huyu wa Kew alifika 1899. Mbele yake pawe na dakika kumi kamili, si mbili. Watoto wakubwa wakielewa kwamba mti mzima wa aina hiyo hauwezi kuzaa kwa mbegu, maswali hayaishi.

Kusoma kibao: namba ya usajili huanza na mwaka mmea ulipoingia Kew. 1996 mwanzoni maana yake umeingia 1996. Mchezo wa watoto ni kutafuta mwaka wa zamani zaidi. Hauna gharama na unawafanya wasome vibao vyote. Mchezo wa pili ni kutafuta Kenya, Tanzania au Uganda kwenye asili ya mmea, au majina ya kisayansi yenye *usambarensis* na *zanzibarica* ndani yake, yaani ya Usambara na ya Zanzibar.

Wakubwa wajue pia kwamba kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki kiliandaliwa hapa. *Flora of Tropical East Africa* ilianza kuchapwa 1952, ikamalizika 2012, spishi zaidi ya 12,000 za Uganda, Kenya na Tanzania. Vielelezo vilivyokaushwa, kama milioni 7, viko kwenye hebaria ya Kew, nje ya njia ya wageni. Ule ua wa dirishani ambao Waingereza wanauita urujuani wa Afrika ulitoka Usambara mwaka 1892, ukapewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyeukusanya Tanga. Waliopanda ule ua wakadhani ni wa Ulaya ni wengi.

Jumamosi, 20 Juni (wiki 1 kabla)

Vikundi vitatu vimefungwa.

Cha kwanza, wazee na wasaidizi, watu 10: Victoria, Palm House chini tu, Waterlily House ya pembeni, kisha kaskazini kwa njia ya Great Broad Walk yenye vitalu vya maua mita 320, hadi Orangery penye viti na chai. Hawaendi kusini kabisa. Kuna treni ndogo ya barabarani inayozunguka bustani kwa malipo ya ziada. Tumeiweka kuwa ya hiari.

Cha pili, watoto 7 wadogo na watu wazima 7: moja kwa moja bustani ya watoto, zamu ya saa 4:30 (10:30), wakiwa bado na nguvu, halafu mkekani. Tahadhari ya jiografia: bustani ya watoto iko upande wa Brentford, na kuifikia kutoka Victoria ni kutembea bustani nzima kwa upana. Dakika 20 za watoto zihesabiwe humo.

Cha tatu, watu 10 wenye miguu: kusini kwanza, Temperate House, njia ya miti, Pagoda kwa kutazama kwa nje, kurudi.

Jumla 34. Saa 6:45 mchana (12:45) wote mkekani. Baada ya sala, cha kwanza na cha pili wanabaki karibu na Palm House. Cha tatu kinakwenda Hive, ule mzinga wa alumini wa mita 17 uliotoka maonyesho ya Milan ya 2015, wenye taa 1,000 zinazowaka kwa mtikisiko wa nyuki wa mzinga halisi wa hapo Kew. Sehemu ya sakafu yake ni kioo; onyo lile lile la njia ya miti.

Nyumba za vioo hufungwa kabla ya bustani yenyewe, na bustani ya watoto vivyo hivyo. Kadi inasema: hakuna anayeingia nyumba ya vioo kwa mara ya kwanza baada ya saa 10:00 jioni (16:00).

Alhamisi, 25 Juni

Utabiri: mvua ya vipindi Jumamosi mchana. Ratiba haibadilishwi, ila Temperate House, mita za mraba 4,880, imewekwa kuwa kimbilio. Inameza watu 34 bila wageni wengine kutuona. Palm House haifai kwa kukimbilia, kila mtu hukimbilia humo na njia zake ni nyembamba.

Hali ya reli: Richmond iko wazi. Kadi ya kwanza ndiyo inayotumika.

Jumamosi, 27 Juni, usiku

Wote 34 wameingia kati ya saa 4:02 na 4:13 (10:02 hadi 10:13). Mafungu manne yamefanya kazi. Waliopitia Richmond walitangulia kufika kwa dakika 6.

Mvua ilianza saa 8:20 mchana (14:20), ikaisha baada ya dakika 25. Chakula kilikuwa kimeshaliwa. Kundi la wazee lilikuwa Orangery, wengine walihamia Temperate House, hivyo kikundi cha pili, kilichokuwa hakijamwona yule sikadi wa kiume asiye na mke, kimemwona kwa sababu ya mvua.

Yaliyokwenda vibaya ni ya hesabu zetu. Choo hakikuwa kwenye ratiba: watu 34 kwenye vyoo vya getini, asubuhi, ni dakika 20, na kundi la watoto lilifika zamu yao likiwa limechelewa dakika 9. Chapati zilizidi 11, sambusa zilikwisha kabla wa mwisho hajakaa. Msukumaji mmoja kwa kiti kimoja hatoshi. Panapo mteremko wa kurudi wawili walikuwa wanapokezana kila dakika 15. Na mwenye viatu vya visigino ametajwa hapa bila jina.

Jumapili, 28 Juni

Kadi imerekebishwa kwa atakayeitumia tena:

Choo getini: dakika 20, kabla ya kugawana vikundi. Zamu ya bustani ya watoto isogezwe kutoka 10:30 hadi zamu inayofuata. Chapati 80, sambusa 130. Wasukumaji wawili kwa kila kiti, majina yaandikwe. Njia ya miti: viatu vya bapa, sharti, siyo ushauri. Boksi moja la baridi lina ufa kwenye bawaba. Lisitumike tena kwa nyama.